Saa Nane na Nusu Mpaka Nairobi

Uvumilivu wangu uliisha saa tisa alasiri, sebuleni kwa mama, mtaa wa Northfield hapa Birmingham, simu ilipolia na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikinieleza kwamba mama yangu amefika Nairobi.

Sisemi sauti inayofanana na yangu. Yangu. Pamoja na kile kikohozi kidogo ninachokohoa kabla ya kusema jambo zito. "Habari za saa hizi. Ninapiga simu kutoka ofisini. Mpendwa wenu amefika. Poleni sana, na asanteni kwa kutuamini." Simu ilikuwa juu ya meza, spika wazi, maana sote tuliokuwa matangani tulikuwa tukiisubiri. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale mbele ya watu, mdomo nimeufunga, mtoto ananyonya.

Mama alikuwa ametoka Birmingham asubuhi ya siku hiyo hiyo, saa kumi na mbili. Kwa lori.

Watu wakaanza kusimama. Anti Beatrice, mdogo wake mama, akakunja blanketi la kwanza. Nikawaambia waketi, hajafika, hawezi kuwa amefika. Anti akanitazama kama anavyotazamwa mtu ambaye msiba umemzidi.

"Lydia mwanangu," akasema, "si wewe umesema sasa hivi?"

Ninyi mnaoanza kazi ya tiketi na mizigo, hasa ninyi wasichana mnaokaa kwenye simu kwa sababu bosi amesema mna sauti nzuri, nawaandikia nikiwa na hasira na sitaomba radhi. Nina miaka thelathini na moja na nimestaafu. Cheka ukitaka. Nilikaa miaka saba kwenye dawati moja, mtaa wa Ladywood, katika ofisi inayouza tiketi kwa watu wetu na kusafirisha maiti zetu. Elimu yangu ni ya sekondari tu. Lakini hii kazi naijua, na hakuna anayewafundisha siku hizi, mnapewa kompyuta na kuambiwa kila kitu kimo ndani.

Basi tuanze na swali mtakaloulizwa kila siku: kutoka hapa mpaka nyumbani ni mbali kiasi gani, na ni saa ngapi angani?

Kompyuta itakujibu haraka. Birmingham mpaka Nairobi, karibu kilomita elfu saba, saa nane na nusu. Ukiangalia ramani utaona mstari umenyooka kutoka mji mpaka mji. Ni mstari mzuri. Tatizo ni kwamba hakuna ndege inayopita hapo. Sijawahi kuuza tiketi ya ndege itokayo Birmingham moja kwa moja mpaka Nairobi, kwa sababu haipo. Kompyuta imechukua umbali, ikagawanya kwa mwendo wa ndege, ikapata saa. Kila siku, kwenye kompyuta, ndege ambayo haipo inaruka Birmingham na kutua Nairobi bila kuchelewa hata dakika. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nawatajia watu saa za ndege hiyo. Walinishukuru, wakaja kunitukana baada ya kulala kwenye viti vya uwanja wa ndege wa nchi ambayo hawakujua wanapita.

Aliyenifundisha ni Dada Scola. Alikuwa amefanya kazi kwenye ghala la mizigo Nairobi kabla ya kuja huku, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye dharau nyingi na chai nyingi. Aliniambia kuna namba tatu na nisizichanganye. Kuna umbali, huo ni wa ramani. Kuna saa za angani, hizo ni za rubani. Halafu kuna safari, na hiyo ndiyo ya abiria: kusubiri, kubadilisha ndege, foleni ya pasipoti, begi lililopotea. "Mteja hakununua anga," alikuwa akisema. "Mtajie safari."

Aliniambia pia niandike saa kwa tarakimu, nisiseme kwa mdomo. Nilipuuza. Nikamwambia mama mmoja kwa simu kwamba ndege ya mumewe ni saa nane mchana, yeye akamwagiza binti yake amkumbushe baba. Binti kazaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini saa anahesabu za Kiingereza. Saa nane kwake ni saa nane ya saa ya ukutani, yaani saa mbili usiku. Baba alifika uwanjani jioni amevaa suti, ndege ilishaondoka zamani. Dada Scola alinibandikia karatasi mbele ya dawati, ameandika 14:00 kwa kalamu nene, ikakaa hapo mpaka ikapauka.

Mengine yalikuwa ya kuchekesha tu. Kuna bwana alikuwa anamsindikiza kaka yake marehemu. Akaniuliza, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayetongoza, kama marehemu anahesabiwa abiria. Nikamwambia hapana, anasafiri kama mzigo. Akafikiri. "Lakini begi hana," akasema. "Si kilo zake unipe mimi?"

Sasa maiti. Hapo ndipo mnikazie macho.

Watu wetu wa hapa wana desturi ambayo nyumbani haipo, kwa sababu nyumbani kaburi liko karibu. Hapa kaburi liko ng'ambo. Wengi hawawezi kusafiri: kazi, watoto, makaratasi. Kwa hiyo wanakaa matanga nyumbani kwa marehemu mpaka aliyesafiri afike. Hawafagii, hawarudishi viti, hawazimi taa ya sebuleni. Wanamkalia. Wanaamini asiyekaliwa njiani hajui aende mbele au arudi nyuma. Simu ya ofisi inapolia na kusema amefika, ndipo wanaanua matanga. Wakishaanua hawarudii, maana kuketi tena ni kuita msiba mwingine. Wakongo wanafanya hivyo, Wakenya tumewaiga, na siku hizi hakuna anayejua nani alianza.

Kwa hiyo lile neno moja, amefika, lina uzito kuliko makaratasi yote. Na mimi nililitoa vibaya mara moja.

Alikuwa Mama Nsimire, Mkongo, anakaa mtaa wa Nechells, nyumba ya ghorofa ya chini karibu na maghala. Mumewe alikuwa anapelekwa Kigali, halafu kwa gari mpaka Bukavu. Nilikuwa na haraka siku hiyo. Nikaangalia ratiba, ndege ilitakiwa iwe imetua saa moja iliyopita. Nikampigia nikamwambia amefika.

Nyuma yake nilisikia watu wakizungumza polepole, na kitu kama komeo likisukumwa.

"Bado, maman," akasema, akiniita mama kwa Kifaransa. "Mlango umefunguka tena sasa hivi."

Nilidhani ni uchungu unaosema. Akanieleza bila kupandisha sauti kwamba tangu mumewe atolewe hospitalini, mlango wa mbele ulikuwa ukifunguka wenyewe. Wanaufunga, wanasukuma komeo, baada ya muda unafunguka kiasi cha mtu kupitisha bega. Hawakuwa wanaogopa. Walikuwa wameshazoea, wanasimama kwa zamu kuufunga. Akasema mumewe akifika mlango utatulia, kwa hiyo nisiseme amefika.

Nikakata simu, nikamwambia Dada Scola. Hakucheka. Akapiga simu Kigali, kisha mji ule ndege ilipobadilishwa. Mume wa Mama Nsimire alikuwa huko bado, kwenye chumba cha baridi, ndege ya pili ilikuwa imejaa wakamwacha. Alikaa siku mbili. Siku alipofika kweli, Dada Scola alimwambia yule kijana wa ghala la Kigali aweke mkono juu ya sanduku, asome nambari ya mzigo tarakimu moja moja, yeye akiifuata kwa kidole kwenye karatasi. Ndipo akanipa simu nipige Nechells. Mama Nsimire alipokea kabla sijaongea.

"Najua," akasema. "Mlango umetulia."

Sina maelezo. Sitawapa maelezo nisiyo nayo. Nawapa utaratibu: mtu aguse, asome, ndipo useme. Kwa miaka sita baada ya hapo sikutamka lile neno hata mara moja bila mtu kugusa sanduku. Vijana wa maghala walinichukia. Mmoja aliniuliza kama nataka pia aliimbie.

Na jambo lingine ambalo kompyuta haijui: mzigo unaotoka Birmingham mara nyingi ndege yake ya kwanza ni lori. Kweli. Lori linapewa nambari kama ya ndege, linaandikwa kwenye ratiba kama ndege, na linapita barabara kuu na kuvuka bahari kwa feri mpaka uwanja mkubwa wa nchi nyingine. Ukisoma kwenye skrini utaona "imeondoka Birmingham" na utadhani marehemu yuko mawinguni. Yuko kwenye egesho la malori, dereva anakula chipsi.

Dada Scola alirudi Kenya. Mimi nikapata ujauzito. Wiki ya mwisho kabla ya likizo ya uzazi, bosi wetu, Bwana Simiyu, aliniita kwenye chumba cha nyuma, akanipa kipaza sauti, akaniomba niseme yale maneno ya simu ya mwisho, kwa utulivu kama ninavyosema kwa wateja. Alisema ni ya kumfundishia msichana mpya. Nikayasema mara tatu. Ya tatu ndiyo nzuri, akasema.

Nilipaswa kushtuka mapema. Mtoto akiwa na miezi minne, nilikuwa kwenye foleni ya duka Northfield, nikamwomba muuzaji mfuko. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaweka kikapu chini. Simjui. Akaniambia kwa Kiswahili kwamba mimi ndiye niliyempigia Jumanne kumwambia kaka yake amefika. Nikamwambia Jumanne nilikuwa kliniki, mtoto anachanjwa. Akatikisa kichwa. Akasema hawezi kuisahau hiyo sauti, halafu akaniuliza, kwa adabu kabisa, kwa nini nilisema amefika wakati kaka yake alichelewa kufika kwa siku tatu.

Nilidhani msiba umemchanganya. Kanisani nikasoma matangazo ya wiki, watu watatu wakatoka nje. Mchungaji akaniambia labda nipumzike kidogo, nina mtoto mdogo. Kwenye basi la kwenda mjini nilikuwa nikimwimbia mtoto polepole, mzee mmoja Mkongo akavua kofia. Mji mzima ulikuwa unaisikia sauti yangu kwenye misiba na mimi nilikuwa nyumbani nikibadilisha nepi.

Ndipo mama akafariki, mtoto akiwa na miezi minane. Alikuwa mtunza wazee, alirudi kutoka zamu, akaketi kuvua viatu. Sitaandika zaidi ya hapo.

Tulimpeleka kwa ofisi ile ile kwa sababu ndiyo tuliyoijua. Aende Nairobi, mjomba Wafula ampokee, ampeleke Webuye. Saa kumi na mbili asubuhi lori likaondoka na mama. Sistimu mpya ya Bwana Simiyu, ile ya kuwapigia wafiwa simu yenyewe, ikaona nambari ya ndege, ikaona "imeondoka", ikahesabu saa nane na nusu za ndege isiyokuwepo, ikaongeza nusu saa ya adabu. Saa tisa ikapiga simu. Ikatumia mimi.

Niliwaeleza pale sebuleni. Niliwaeleza kwa upole, halafu bila upole. Niliwaambia hata ndege halisi haiwezi. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa, na wengi walimwamini Lydia wa simu, aliyetulia, kuliko Lydia wa kwenye kochi mwenye kamasi na maziwa kwenye blauzi. Anti Beatrice alifagia kuanzia mlangoni. Viti vikarudi kanisani. Hawakuwa wabaya. Walibusu paji la uso la mtoto wakaondoka, wakazima na taa. Mjomba Wafula naye alipigiwa huko Nairobi, akaenda ghalani na gari la kukodi na watu wanane, wakaambiwa hakuna mzigo wa jina hilo.

Mama yangu alikuwa njiani na hakuna aliyemkalia.

Nikawasha taa. Nikakaa mimi na mtoto. Nikapiga simu kila mahali ninapopajua, na kila mahali nilipoanza kuongea kulikuwa na kimya kidogo. Ofisini kwenyewe simu ilipokelewa na mashine. Mashine ilikuwa mimi. Niliiuliza nafsi yangu kuhusu mama yangu, na nafsi yangu ikanishukuru kwa kuwaamini.

Kesho yake watu wa mizigo walimhamishia safari nyingine. Kompyuta ikaona ameondoka upya, ikahesabu upya, ikapiga tena: mpendwa wenu amefika. Siku ya tatu tena. Mama alifika mara tatu akiwa bado Ulaya, kwanza ndani ya lori, halafu kwenye chumba cha baridi cha uwanja. Mara hiyo ya tatu mtoto alikuwa kwenye zulia, amenipa mgongo. Nilikuwa namwita kwa jina lake, Joel, Joel baba, njoo kwa mama. Simu ikalia nikaipokea kwa spika. Sauti ilipoanza, aliigeukia simu. Akacheka, akaanza kuitambalia. Nikamwita tena. Hakugeuka. Alikaa mbele ya ile simu ameinua mikono abebwe, mpaka ikamaliza na kukata, halafu akalia. Akanitazama mimi kama mgeni.

Siku ile ile nilienda Ladywood na mtoto mgongoni. Bwana Simiyu hakuwa na aibu, aliniagizia chai. Alinieleza kwamba makosa ya muda yatarekebishwa na mafundi. Kuhusu sauti, alisema nilirekodi nikiwa kazini, kwa kipaza sauti cha ofisi, kwa hiyo ni ya ofisi. Na kwamba wateja wanaipenda.

"Inawatuliza, Lydia. Hata ukiondoka leo, wewe bado uko hapa unafanya kazi nzuri."

Nikamwuliza nani amegusa sanduku la mama. Hakuelewa swali. Nikalirudia. Akasema sistimu inaonyesha. Nikamwambia sistimu haina mkono. Nikaondoka, na sijarudi kazini.

Mama alifika siku ya tano. Sikupigiwa simu na ofisi, kwa sababu kwa kompyuta alikuwa ameshafika siku nyingi. Mjomba Wafula aliweka kiganja juu ya sanduku akanisomea nambari, tarakimu moja moja, nami nikaifuata kwa kidole. Nilizima taa nikafagia peke yangu. Anti Beatrice alikuja akakaa nami, akashika mtoto.

Wafiwa bado wanapigiwa na ile mashine. Wiki jana mtu wa Nechells alinisimamisha barabarani. Kwa hiyo niliandika barua, kwa Kiingereza, nikaipeleka kwa mkono na nikasainiwa kwamba imepokelewa. Nakala nimeituma kwa ofisi ya serikali inayosimamia taarifa za watu. Hii hapa kwa Kiswahili, ili mjue inavyoandikwa.

Kwa Meneja,

KUH: MALALAMIKO RASMI, MATUMIZI YA SAUTI YANGU NA TAARIFA ZISIZO ZA KWELI KWA WAFIWA

Mimi ni mfanyakazi wenu wa zamani na ni mteja wenu. Nalalamika kwa mambo yafuatayo.

Mlirekodi sauti yangu mkiniambia ni ya mafunzo, mkaitumia kuwapigia wafiwa simu bila idhini yangu. Sikuwapa idhini hiyo na siwapi.

Kwa sauti hiyo mliiambia familia yangu mara tatu kwamba marehemu mama yangu amefika Nairobi. Mara zote tatu haikuwa kweli. Mara ya kwanza alikuwa ndani ya lori. Muda mliotumia ni wa safari ya ndege ambayo haipo. Kwa sababu ya taarifa hiyo matanga yalianuliwa, na mama yangu alisafiri siku tano bila kukaliwa. Hilo hamwezi kulirekebisha na siwaombi mlirekebishe.

Ninachodai ni hiki. Mfute sauti yangu kila mahali ilipo na mnithibitishie kwa maandishi. Mwandikie kila familia iliyopigiwa simu hiyo, muwaeleze kwamba aliyeongea si mtu. Kuanzia sasa, familia yoyote isiambiwe marehemu wao amefika mpaka mtu mwenye jina awe ameweka mkono juu ya sanduku na kusoma nambari yake.

Nasubiri jibu lenu kwa barua. Msinipigie simu.